Viazi Roshani

Mwezi wa kwanza, ghorofa ya tano, Bergamo.
Nimetandika gunia juu ya vigae vya roshani
nikapanga viazi, kimoja kimoja, visigusane,
maana mama alisema kiazi kikimgusa mwenzake
huambukizana joto, na baridi ikakosa pa kuingilia.

Nelva amesimama mlangoni na soksi zake za njano.
"Mama, unavianika au unaviadhibu?"
Kaniuliza kwa Kitaliano, nimemjibu kwa Kihispania.
Kikechua kimebaki chini ya ulimi
kama punje ya chumvi ninayoogopa kuimeza.

Kule Tapacarí, nikamwambia, usiku wa Juni
baridi hushuka mlimani bila kupiga hodi.
Viazi huganda hata ukivigonga vinalia kama mawe.
Kukicha, jua kali; vinatokwa jasho.
Ndipo sisi, watoto saba wa Saturnina,
tunavipanda pekupeku, tunakanyaga,
tunakanyaga mpaka maji yote yaishe.
Vikikauka vinakaa miaka kumi.

"Kumi?" akasema Ivar, macho kwenye simu.
"Hata pasta haifiki."

Ila ukungu wa hapa haugandishi wala haukaushi.
Unalowesha tu,
kama mgeni asiyekaa wala asiyeaga.
Siku ya nne roshani ikanuka.
Mzee Locatelli wa jirani akagonga:
Samahani, kwenu kuna panya aliyekufa?
Nikacheka kwa adabu.
Saa nne usiku nikavimwaga kwenye pipa la kahawia,
la vitu vinavyooza,
maana huku hata huzuni ina pipa lake.

Nikaenda zamu kwa Bibi Ersilia.
Nikamgeuza ubavu, nikamchana nywele,
nikamsongea ugali wake laini wa mahindi
alioupenda tangu utoto wake bondeni.
Ana miaka tisini na moja. Jina la mwanawe limemtoka,
lakini ukiharakisha mwiko, anajua.
"Taratibu," husema. "Mama alisonga dakika arobaini."
Basi nasonga dakika arobaini
za mama wa mtu mwingine.

Niliporudi alfajiri mlango wa friza haukufunga vizuri.
Ndani, kati ya njegere na vipande vya samaki,
viazi kumi na viwili. Nilivihesabu.
Vimepangwa visigusane.

Jumamosi Nelva akatandaza taulo bafuni,
akawasha mashine ya kukaushia nywele iwe jua.
Akavua soksi.
"Hivi?"
Kwa kisigino. Usiviponde, vilalie tu na uzito wako.
Maji yakachuruzika, ya zambarau kidogo,
yakapita katikati ya vidole vyake, akapiga ukelele.
Ivar akaja mbio, mikono mitupu, akaomba zamu.

"Maji haya yanaitwaje, kwa lugha ya bibi?"

Nikafungua kinywa.
Nilijua neno lile huanzia kooni.
Nilijua mama alivyolitamka ameuma sindano,
akishona begani mwangu kifungo ambacho hadi leo
ningeweza kuwachorea.
Halikuja.

Nikampigia dada yangu Hilaria. Kwao hakujakucha.
Alinyamaza hata nikasikia mbwa wake akijikuna.
"Siku hizi tunanunua vya mfukoni, sokoni," akasema.
"Jalidi haiji tena kwa wakati wake,
na vijana wote wako mjini, nani akanyage?
Neno hilo... ngoja shangazi Casimira aamke."

Bafuni walikuwa wanagombana nani ana kisigino kizito.

"Hebu," akasema Hilaria, "umesema friza?
Halafu mashine ya nywele?
Rudia taratibu.
Natafuta kalamu."