Mlango Haujasema

Wiki tatu mstari ule ulipita
katikati ya kila kichwa cha Tartu.
Vitone vyeupe vimefuatana, mshono wa fundi mlevi,
toka sikio hadi sikio.
Seremala, mwalimu wa hesabu, bibi wa maziwa,
wote walikuwa nao,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kushonwa.

Mimi ndiye mpiga picha. Nakaa nyuma ya kioo.
Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
mto Emajõgi umeganda hadi kwenye nguzo za daraja,
nami humu nawaambia watu: tulia, usimeze mate.
Mwili ni maji yaliyovaa ngozi.
Ndani ya maji mna chembe, na kila chembe ni pia inayozunguka.
Sumaku huzipanga, wimbi la redio huzisukuma, zinayumba,
na zikirejea zilikokuwa zinanong'ona.
Mnong'ono huo, huo tu, ndio picha.

Sasa nani atausikia sokoni?

Urmas, injinia, alikuja na kompyuta yake
akanywa kahawa yangu.
Rudia, akasema. Rudia mara nne,
kelele zitamezana zenyewe, picha itang'aa maradufu.
Maradufu, kwa bei ya mara nne!
Hata mkopeshaji ana haya kidogo.

Nikarudia. Dakika tano zikawa ishirini.
Alikuwa Leida, mwoka mikate myeusi,
mkono wake wa kushoto una mtetemo usiomtii.
Alijitahidi, naapa alijitahidi,
lakini dakika ya kumi na moja bega liliruka
na kwenye skrini nikawaona Leida wawili,
mmoja wa nyama, mmoja wa ukungu kando yake,
kama mtu aliyeanza kuondoka.
Chenga zimepungua, mzuka umeingia.
Na mshono uko palepale.

Tukabadilisha nyaya. Tukabadilisha koili.
Urmas akakiandikia kiwanda,
kiwanda kikajibu kwa adabu ndefu.

Ijumaa usiku Vaike alikuwa anapiga deki.
Miaka kumi na tisa anapiga deki pale.
Aliegemea mpini, akatazama ninavyofunga, akasema:
"Mlango haujasema."
"Nini?"
"Mlango. Zamani ukiufunga ulisema *tk*.
Tangu theluji ya kwanza umenuna."

Chumba kile ni sanduku la shaba,
kuta, dari, hata chini ya zulia,
ili maneno ya dunia yabaki nje.
Na kwenye fremu ya mlango vipo vidole vya shaba
vinavyopaswa kuushika mlango kote kote.
Nikapiga tochi.
Vitatu vimelala. Vingine vimeota kijani:
chumvi ya barabarani, wanayoimwaga juu ya barafu,
imeingia na viatu vya wagonjwa, siku baada ya siku.
Upenyo mwembamba kama ukucha.
Sijui ni stesheni gani iliyokuwa ikipenya hapo
kushona vichwa vya watu.

Tulipiga magoti, mimi na yeye,
spiriti, kitambaa, mswaki wa zamani,
hadi vidole vikarudi rangi ya asali.
Akafunga yeye. *Tk.*

Leida alirudi Jumanne.
Sikumdai tena dakika ishirini.
Nilimzungushia sponji, koili ikamkaribia shavuni,
nikaikata kazi vipande vipande,
na katikati ya kipande na kipande nikamwambia: tikisika utakavyo.
Akatikisika, akacheka ndani ya bomba.

Picha ilitoka safi kuliko zote za msimu ule.
Mikunjo ya ubongo unaihesabu.
Na ndani kabisa, upande wa kulia,
kitu kidogo kama punje ya dengu
ambacho mwezi mzima kilikuwa kimejificha nyuma ya kelele.

"Imetoka vizuri?" aliniuliza, akitafuta mkono wa koti.
Nikasema, imetoka vizuri.
Nikamshikia koti.

Katika ripoti Urmas aliandika: kasoro ya kinga, imerekebishwa.
Jina la Vaike hakuliandika.