Barakoa

Tangu Novemba namjua Temuulen kwa macho tu,
macho na unyusi mmoja wenye kovu.
Moshi wa makaa ulishuka Ulaanbaatar
ukaketi nasi darasani, dawati la nyuma,
ukakohoa pamoja nasi hadi mtihani wa fizikia.

Pampu yangu ya pumu aliishika yeye
siku ile ngazi za ghorofa ya nne ziliponishinda.
Akahesabu kwa vidole: vuta. Shikilia. Vuta tena.
Hakumwambia mtu.

Leo Aprili, dirisha limefunguliwa.
Kavua barakoa:
meno yamefungwa nyaya, chunusi kidevuni,
kicheko kipana kuliko nilivyokiwazia.

“Nawe vua,” kasema.

Ngoja.
Ngoja kwanza.
Kidevu changu kina tatu.