Upenyo wa Kidole

Saiq, mwezi wa Januari. Maji ya falaji yameota ngozi ya barafu,
mikomamanga imebaki mitupu
kama mafagio yaliyosimamishwa kichwa chini.
Bibi yangu Shinuna, mzaliwa wa Wete,
bado anaiita kipupwe.
"Kipupwe cha kwetu ulijitanda khanga, kikaisha.
Hiki kina meno, na kinajua goti lipi linaniuma."

Namvisha soksi za sufu, jozi juu ya jozi.
Anagomba: mguu si maiti, usiukafini.
Namhesabia vidonge vya presha kiganjani,
namwekea chupa ya chai ya tangawizi karibu na mto,
kisha nabeba seredani kuitoa nje,
makaa yangali mekundu.
Hapo ndipo vita huanza.

"Unanipokonya moto?"
Bibi, mkaa haulali na mtu chumba kimoja.
Moshi unaokukohoza una heri, unakuamsha.
Mwenzake hana rangi wala harufu,
haingii kwa hodi,
na akiondoka, huondoka nawe.
Naacha dirisha upenyo wa kidole.
Kidole changu, si chake; chake kimekonda.

Ananyamaza. Nadhani nimeshinda.
Nazima taa.
Gizani ananiuliza:
"Na Delwar?"

Delwar, anayepogoa mikomamanga yetu,
anayelala kibanda cha pampu, bati juu, saruji chini,
aliyetoka Silhet na sweta moja.
Jana magharibi aliniomba makaa, kwa ishara, akicheka.
Nani alimjazia karai?

Sikukumbuka viatu.
Mlango ulizibwa kwa magunia, kila ufa, kwa ustadi
wa mtu aliyezoea kujitunza mwenyewe.
Niligonga kwa mkono. Niligonga kwa jiwe.
Akafungua akiyumba, kichwa amekishika,
akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Sasa amejilaza sebuleni kwetu
chini ya blanketi la bibi lenye chui,
lile la wageni wa heshima.
Zahanati wamesema wako njiani, barabara inateleza.
Karai liko uani, linapoa.
Bibi amekataa kulala; anamwita mwanangu,
anamsemesha Kiswahili asichokijua
ili asifumbe macho.
Nami nimekaa kati yao nahesabu pumzi,
moja ya Wete, moja ya Silhet,
na nyayo zangu ndiyo kwanza
zinaanza kuhisi baridi.