Ritifaa

Chumba ni cha kukodi, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri. Kila Jumamosi
tunafunga dirisha ili kinasa sauti kisisikie nyundo,
joto linapanda, na Noonkishu anavua kitambaa cha kichwa.

"Sema tena," namwambia. "Nyuki."
Anasema.
"Sasa, chozi."
Anasema.
Sikio langu, lililolelewa Pumwani, linasikia neno moja.

Anacheka hadi anakohoa. Siku sita kwa wiki
anauza viatu vya mitumba Gikomba,
na kushoto na kulia anavijua gizani, kwa kupapasa.
"Hiki cha kulia, hiki cha kushoto.
Wewe unavaa vyote mguu mmoja."

Basi nikamtazama kooni. Kwenye nyuki
pumzi inazibwa, kisha inaachiwa ghafla,
kijiti kikavu chini ya unyayo.
Karatasi kumi na moja nimejaza: t yenye mkia,
t yenye kofia, t mbili zilizoshikana mikono.
Mpiga chapa wa kule chini akatikisa kichwa.
Mashine yake haina hata moja.

Nikaiwaza lugha hii ninayoandikia,
iliyovaa kanzu ya alifu na be
kabla ya kushonewa suti ya a na b,
na hadi leo suti inaibana kwapani:
barabara ya kupita na barabara kabisa
zinaandikwa vilevile, msomaji atajijua.
Bibi yangu alitenga paa wa nyikani na paa la nyumba
kwa pumzi tu. Daftari la shule halikujali.
Ila tulibakiza kiukucha kimoja
kinachomwokoa ng'ombe asiwe ngombe.

Nacho kipo kwenye kila simu.

T'.
Noonkishu akaitazama kama kiatu chenye soli ngeni,
akigeuza karatasi huku na huku.
"Huyu ndiye nyuki?"
"Ndiye."
"Mdogo." Kisha: "Mwiba wake mmeuweka juu."

Akamwandikia dada yake ujumbe. Maneno matatu,
robo saa nzima, ncha ya ulimi nje:
Nimeota nyuki wa baba.

Jibu halikuandikwa. Simu iliita.
Dada hasomi; alimpa mjukuu, wa darasa la tatu,
ambaye lugha hiyo huisikia tu bibi anapokasirika,
naye akaupita mwiba bila kuuona.
"Machozi gani?" dada anapiga kelele. "Baba alilia lini?"

"Nipe huyo mtoto," akasema Noonkishu.
Akasimama, akageukia ukuta.
"Ziba. Hapana, ziba kabisa. Usimeze. Sasa achia."

Hewa tupu.
"Tena."
Hewa.
"Tena."

Kijiti kikavunjika, mbali huko, ndani ya simu ya elfu mbili.

Hakusema kitu. Alinipungia mkono nifungue dirisha.
Kinasa sauti, nikagundua, sikuwa nimekiwasha.