Shimo la Nkuhungu

Mama Ndahani, kabla ya ramani niliomba jembe.
Ulicheka: mhandisi gani huyu anaanza na shimo?

Mita moja na nusu, udongo mweusi.
Masika hufura, kiangazi hupasuka;
ufa ukameza mkono wangu hadi kiwiko.

Ulitaka ghorofa, na vigae vya bluu
kama vya jirani.
Nikauliza nani atalala chini.
"Mama yangu. Magoti yake hayapandi ngazi."

Basi nikafuta ngazi. Nikafuta ghorofa,
theluthi ya ada yangu ikaenda nayo.
Fundi Chilongola akaninong'oneza: njaa hiyo, bosi.

Nondo za msingi sikupunguza hata moja.

Juzi usiku ardhi ilitikisika.
Vikombe viligongana kabatini,
na bibi, nasikia,
aligeuka upande wa pili, akakoroma.