Mkate Usio na Saa

Walikuja Jumanne, baada ya mvua ya mawe,
wanaume wanne na fundi wa mizinga mwenye kitabu cha hesabu,
wakamuuliza Ottmar mpiga kengele
kengele yake ina ratili ngapi.
Ottmar akajibu: "Sijawahi kuipima, bwana.
Ninaijua kwa sauti."
Fundi akaandika kitu.

Sisi wa mtaa wa waokaji tulikuwa watumishi wa kengele ile.
Ya kwanza, gizani, niwashe tanuri.
Ya pili, nikande unga, shayiri nyingi na ngano ya kubahatisha.
Ya tatu, Kunigunde wa jirani akohoe, amwamshe mumewe,
wagombane kidogo,
na ugomvi wao ukiisha mkate wangu umeiva.
Hivyo ndivyo tulivyoishi, shaba ikisema, sisi tukitii,
bila kujua kuwa hiyo nayo ilikuwa dola.

Waliishusha kwa kamba na magogo.
Ilipogusa mawe ya uwanjani ikatoa mlio mmoja, mfupi,
kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.
Watoto wakacheka. Ottmar akavua kofia.
Nikauona ufa ubavuni, ule wa mwaka wa baridi kuu,
ufa ambao miaka yote tulikuwa tukiusikia tu:
ndio uliompa bibi yule mkubwa sauti ya mwenye mafua.
Ndani mwake wakatoka popo wawili,
wakaruka mchana kweupe, wakigongana.

Tukapewa hati yenye muhuri mwekundu:
Mfalme atalipa.
Haikusema mfalme yupi.
Mwaka ule walikuwa watatu,
na watu wa kila mmoja walikula mkate wangu
kwa jina la Mungu.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikasubiri.
Kimya kilikuwa kinene kama uji uliolala.
Kinyunga kikaumuka, kikapita ukingo wa bakuli,
kikashuka mezani polepole kama mlevi anayetafuta kiti.
Wiki ile niliunguza mikate thelathini na minne.
Askari waliolala chumba cha marehemu Veit wangu
waliila hivyo hivyo,
wakikwangua masizi kwa visu vilevile
walivyo... hapana. Hilo niliache.

Basi nikajifunza kupima kwa sala.
Baba Yetu arobaini, moto umekolea.
Salamu Maria ishirini na tano, geuza.
Kisha akaja mchungaji mpya, nyuma ya jeshi jipya,
akatukataza Maria.
Nikaongeza Baba Yetu kumi na tano kufidia.
Mkate haukuona tofauti.

Ottmar hakuacha kupanda mnara.
Vidato mia na kumi na viwili, goti likimlia.
Anavuta kamba isiyo na kitu, anashuka,
anainama dirishani kwangu:
"Imesikika?"
"Leo umechelewa kidogo," namwambia,
naye anatikisa kichwa kwa aibu,
ananunua mkate wa nusu senti, anakwenda zake.

Mwezi wa Oktoba, kabla hakujapambazuka,
mizinga ilianza ng'ambo ya kilima cha mizabibu.
Tukatoka milangoni na nguo za kulalia,
Kunigunde, mumewe, mimi, watoto wa mtengeneza mapipa.
Sisemi kweli, sisemi uongo:
mmoja kati yao ulikuwa na mafua.
Hakuna aliyetamka neno.
Mume wa Kunigunde alimtazama Ottmar,
Ottmar akatazama viatu vyake.
"Si yenyewe," akasema. "Yangu ilikuwa ikingoja
kabla ya kusema tena."

Ukalia tena.
Kunigunde akakohoa.
Nami nilipojitazama
nilikuwa nimekwisha piga magoti mbele ya tanuri,
kuni mkononi.