Saba, Kulia

Ardith aliniuzia jikoni, juu ya meza ya chakula,
kati ya kopo la sukari na bili za hospitali.
Bei aliitaja mara moja. Nikahesabu noti,
akazikunja bila kuzitazama, akasema:
"Ina teke. Verlin alikuwa akicheka kila ikimpiga."

Basi leo, Aprili, theluji bado imejibanza
kivulini mwa shimo la kokoto,
nimeegesha pikapu, nimeshusha mkeka wa mpira,
nimegandisha sahani ya karatasi
kwenye mlango wa jokofu bovu, hatua mia moja.
Ng'ombe weusi wa Halvorson wananitazama ng'ambo ya waya.

Nzito. Nilijua ni nzito, nimeibeba toka kwake,
lakini uzito wa kubeba si uzito wa kulenga.
Kitako kinanukia mafuta ya kitani na tumbaku,
na pale shavu la mtu lilipokaa miaka arobaini
mti umekuwa laini kama sabuni iliyotumika.
Naweka langu. Halikai.

Kibanio cha risasi nane kinaingia kwa juu,
na chuma kinarudi mbele kwa hasira,
kikanionja kidole gumba. Nikatukana.
Ng'ombe mmoja akageuka.

Ya kwanza: bega, meno, kokoto kuruka,
na mwangwi ukazunguka shimo ukitafuta mlango.
Sikuogopa mshindo. Nina bunduki tangu nina miaka kumi na miwili.
Kilichonishtua ni kwamba ilikuwa tayari.

Ile yangu ya zamani, ya kuvuta kwa mkono,
huniuliza kila mara: bado?
Navuta, nasukuma, na katikati ya kuvuta na kusukuma
mtu huweza kubadili nia, kupiga chafya,
kumwona paa ameshaondoka.
Hii haiulizi. Inatema ganda, inameza jingine,
inakaa kimya mbele ya kidole chako
kama mbwa aliyekwisha kuleta mpira.

Ya pili. Ya tatu. Nne, tano, nikasahau kupumua.
Ya nane, na kibanio kitupu kikaruka juu
kikalia *tiiing*
kama kijiko kilichoanguka kanisani.

Nikaenda kutazama sahani.
Nyeupe. Safi. Ungeweza kulia wali.
Matundu yote nane yako kushoto yake, kwenye bati,
yamekumbatiana, kiganja kimoja kingeyafunika.

Nikarudi, nikalala tena. Nikashika kirungu cha shabaha
nikakizungusha kuelekea kulia: tik,
nikihesabu kwa sauti, maana niliona aibu kidogo,
kama mtu anayesogeza kiti cha dereva
katika gari la marehemu. Tik. Tik. Mpaka saba.
Nikaandika kwa penseli juu ya kasha la risasi:
*saba, kulia.*

Nane nyingine. Sahani ikatoboka katikati,
ikaning'inia kwa msumari mmoja.
Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana,
mikono ikinitetemeka, baruti kooni,
nikaokota maganda yakiwa bado moto,
kumi na tano. La kumi na sita sikuliona.

Jioni simu ikalia.
"Upepo ulikuwa unakuja kwangu," Ardith alisema.
"Nimehesabu kumi na sita."
"Pole. Ningekwambia kabla."
"Ulikosa ngapi?"
"Nane za kwanza."

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Novemba.
"Kushoto, siyo? Ni lile bega. Farasi alimvunja
mwaka ule wa ukame, tangu hapo akawa anailaza upande.
Alihangaika majira mazima ya joto kuielekeza kwake."
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likianza kuchemka.
"Usiiguse, utaizoea."

Nikasema, Sawa.

Bunduki iko mezani, juu ya taulo, imeshapanguswa.
Kasha liko pembeni. Penseli inasomeka.